Kupima thamani ya hisa za maduka ya nguo: anza na biashara nzima, kisha lisake pango

Hisa za kampuni za mitindo huwapata wanunuzi haraka kwa sababu kila mtu anaamini anaijua biashara ya nguo. Umeingia duka la Zara ukiwa Dubai au London, umekuta foleni ndefu ya malipo, umetoka na mfuko mkononi, na kabla hujafika mlangoni umeshaamua kwamba kampuni hii ni ya kununua. Foleni ni dalili nzuri ya mauzo. Lakini haisemi lolote kuhusu bei: je, wanaoiuza hisa hiyo leo wanakuuzia kwa haki, au unalipia matumaini ambayo wengine wameshayalipia?

Wengi hujibu swali hilo kwa kugawa bei ya hisa kwa faida ya kila hisa. Kipimo hicho kina kazi yake, ila hakioni vizuri madeni. Kampuni mbili za nguo zinaweza kuuzwa zote kwa mara 12 ya faida halisi, huku moja ikiwa na fedha tele benki na nyingine ikiwa imekopa hadi shingoni. Msimu mmoja ukiharibika, ya kwanza itapunguza gawio. Ya pili huenda isiuone mwaka unaofuata. Ndiyo maana wachambuzi wa kampuni za rejareja hupenda kuanza na thamani ya biashara nzima, yaani wanahisa na wakopeshaji kwa pamoja, kisha kuigawa kwa faida ambayo pande zote mbili zinaitegemea. Jibu lake huitwa kizidisho: biashara inauzwa kwa mara ngapi ya faida yake ya mwaka.

Njia yenyewe ni nyepesi. Ugumu upo kwenye nguo, kwa sababu maduka mengi yamepangwa, na pango likihesabiwa vibaya hisa ghali huonekana ya bei poa. Nitakupitisha hatua kwa hatua, nikitumia kampuni ya kubuni kwa hesabu na kampuni za kweli kwa mafunzo.

Hatua ya 1: Jumlisha thamani ya biashara nzima

Fikiria mtu anakuuzia duka lake Kariakoo kwa shilingi milioni 30, na duka hilo linadaiwa na benki milioni 20 utakazobaki nazo wewe. Kwenye droo kuna milioni 5. Gharama yako ya kweli ni milioni 45: ulicholipa, ongeza deni ulilorithi, toa fedha ulizozikuta. Kwa kampuni iliyo kwenye soko la hisa, hesabu ni hiyohiyo.

Chukua kampuni yetu ya kubuni. Ina hisa milioni 100, na nyingine milioni 4 zitaongezeka wafanyakazi wakitumia haki zao za kununua hisa. Hesabu zote milioni 104, kwa maana hizo nne zitagawana nawe faida. Bei sokoni ni shilingi 7, hivyo thamani ya hisa zote ni milioni 728. Mikopo ya benki na hatifungani ni milioni 282. Fedha taslimu ni milioni 70. Deni halisi, basi, ni milioni 212.

Kuna kipande kimoja ambacho husahaulika: sehemu ya wanahisa wa nje katika kampuni tanzu. Kama kampuni inamiliki asilimia 80 ya maduka yake ya nchi fulani, taarifa ya mapato huonyesha mauzo na faida yote ya uendeshaji ya maduka hayo, ingawa asilimia 20 ni ya wengine. Thamani ya fungu la hao wengine inaongezwa juu. Kwa kampuni yetu tuseme ni milioni 20. Jumla:

728 + 212 + 20 = milioni 960.

Hiyo ndiyo bei ambayo soko limeipa biashara yote. Kama kuna upungufu kwenye mfuko wa pensheni wa wafanyakazi, jambo lililokuwa la kawaida kwa miaka mingi kwa kampuni kongwe za Uingereza, nao uongeze kama deni.

Hatua ya 2: Chagua faida ya kugawia

Una vigawanyo vitatu vinavyotumika sana: mauzo, EBITDA na faida ya uendeshaji. EBITDA utaiona kwenye kila taarifa ya kampuni. Ni faida kabla ya kutoa riba, kodi na uchakavu wa mali. Faida ya uendeshaji ni ileile baada ya uchakavu kutolewa.

Mauzo hudanganya upesi. Tazama kampuni mbili kubwa za Ulaya. Inditex ya Hispania, mwenye Zara, katika mwaka wake wa fedha ulioishia 31 Januari 2025 iliuza bidhaa za yuro bilioni 38.6 na kubaki na faida ya uendeshaji ya takriban bilioni 7.6. Hiyo ni karibu senti 20 katika kila yuro ya mauzo. H&M ya Sweden, katika mwaka ulioishia Novemba 2024, iliuza kwa krona bilioni 234 na ushei na kubaki na bilioni 17.3, yaani senti 7 na ushei kwa kila krona. Mtu akikuambia kwamba H&M ni rahisi kwa kuwa kizidisho chake cha mauzo ni kidogo kuliko cha Inditex, amelinganisha mauzo yasiyozaa sawa. Kizidisho cha mauzo kitumie tu kwa kampuni iliyopata hasara mwaka huo, na hata hapo jiulize mauzo hayo yakikaa sawa yatazaa senti ngapi.

EBITDA nayo ina tundu. Duka la nguo huchakaa. Taa, rafu, sakafu, vyumba vya kujaribia na mifumo ya malipo lazima vifanywe upya kila baada ya miaka michache, la sivyo mteja anahamia jirani. Fedha hizo zinatoka kweli, na EBITDA haizioni. Kwa Inditex mwaka huohuo EBITDA ilikuwa yuro bilioni 10.7. Zaidi ya bilioni 3 zilizopo kati ya namba hiyo na faida ya uendeshaji ni gharama ya kuendelea kuwa na maduka. Juu ya hapo kampuni ilijiwekea mpango wa kutumia bilioni 0.9 kwa mwaka, 2024 na 2025, kupanua maghala na usafirishaji wake.

Ushauri wangu kwa hisa za nguo: fanya faida ya uendeshaji iwe kigawanyo chako kikuu, na EBITDA iwe ya kuhakiki. Kwa kampuni yetu ya kubuni, mauzo ni milioni 1,000, EBITDA baada ya kulipa pango ni 120, uchakavu ni 40, faida ya uendeshaji ni 80. Inauzwa kwa mara 8 ya EBITDA (960 ÷ 120) na mara 12 ya faida ya uendeshaji (960 ÷ 80).

Hatua ya 3: Lisake pango

Hapa ndipo fedha nyingi za wawekezaji wadogo hupotelea, kwa hiyo tusikimbie.

Tangu Januari 2019, kampuni zinazofuata viwango vya kimataifa vya hesabu hutumia kanuni ya IFRS 16. Kanuni hii inasema kwamba mkataba wa pango wa miaka kadhaa ni deni. Kampuni inaandika kwenye mizania dhima ya pango, na kwenye taarifa ya mapato pango linatoweka. Mahali pake panakuja vitu viwili: uchakavu wa haki ya kutumia jengo, na riba ya dhima hiyo. Vyote viwili vipo chini ya EBITDA. Kwa hiyo EBITDA ilipanda ghafla bila kuuzwa shati hata moja zaidi.

Turudi kwenye kampuni yetu. Pango lake ni milioni 80 kwa mwaka. Chini ya IFRS 16 hizo 80 zinagawanywa: 64 uchakavu, 16 riba. Dhima ya pango kwenye mizania ni milioni 320. Angalia kinachotokea:

- Ukiacha pango kama gharama ya kawaida na usiiongeze dhima: 960 ÷ 120 = mara 8.
- Ukiondoa pango kwenye gharama na kuiongeza dhima kama deni: (960 + 320) ÷ 200 = mara 6.4.
- Ukichanganya, yaani thamani isiyo na dhima kwa EBITDA isiyo na pango: 960 ÷ 200 = mara 4.8.

Jibu la kwanza ni sahihi. La pili nalo ni sahihi, mradi ulilinganishe na kampuni zilizohesabiwa hivyohivyo. La tatu ni kosa. Limehesabu faida ya kukaa dukani bure, kisha likasahau kwamba mwenye jengo anadai. Na ndilo jibu linalovutia kuliko yote, kwa sababu linaifanya kampuni ionekane imetupwa sokoni kwa nusu bei.

Kosa hili halitokei kwa wageni peke yao. Tovuti za takwimu za hisa hazifuati utaratibu mmoja: nyingine zinaongeza dhima ya pango kwenye deni, nyingine haziongezi, na mara nyingi EBITDA inachukuliwa kama kampuni ilivyoitoa. Usinakili kizidisho cha maduka kutoka kwenye tovuti. Kitengeneze mwenyewe kwa taarifa ya mwaka ya kampuni.

Lifanye zoezi hili kwa Inditex. Ina hisa bilioni 3.12 hivi. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kila moja inauzwa yuro 45: thamani ya hisa zote ni bilioni 140. Mwishoni mwa Januari 2025 kampuni ilikuwa na fedha halisi za bilioni 11.5, na kiasi hicho chenyewe hakijatoa dhima ya pango. Toa fedha hizo, unabaki na karibu bilioni 129. Igawe kwa EBITDA ya bilioni 10.7, unapata mara 12. Sasa unajua kwamba hiyo 12 ni jibu lililochanganywa: juu hakuna dhima ya pango, chini hakuna pango. Igawe kwa faida ya uendeshaji ya bilioni 7.6, unapata mara 17. Hii ya pili iko karibu zaidi na ukweli, kwa kuwa uchakavu wa haki ya kutumia majengo umeshatolewa. Kilichobaki nje ni riba ya pango tu. Kati ya 12 na 17 kuna tofauti kubwa mno kwa mtu anayeamua kununua au kusubiri.

Marekani mambo ni tofauti. Kanuni zao mpya za pango zilianza pia mwaka 2019, lakini kwa mikataba ya kawaida ya maduka pango limebaki ndani ya gharama za uendeshaji, ingawa dhima inaonekana kwenye mizania. Kwa hiyo ukiipima Gap au Abercrombie & Fitch kwa EBITDA yao, usiiongeze dhima hiyo kwenye deni; utakuwa umelihesabu pango mara mbili. Na ukiweka EBITDA ya kampuni ya Marekani kando ya EBITDA ya kampuni ya Ulaya bila kusawazisha, unalinganisha mwenye kulipa pango na asiyelipa.

Njia niipendayo, na ninayoiamini kwa maduka ya nguo, ni kulirudisha pango kwenye gharama kila mahali. Kwa kampuni za IFRS 16, fungua taarifa ya mtiririko wa fedha, tafuta malipo ya dhima ya pango na riba yake, yajumlishe, kisha uyatoe kwenye EBITDA. Baada ya hapo toa uchakavu wa mali nyingine, ukiacha ule wa haki ya kutumia majengo. Unapata faida ya uendeshaji ambayo mwenye jengo ameshalipwa, na hapo dhima yake huihitaji tena.

Sababu ya kupendelea njia hii ni kwamba dhima ya pango ni kipimo kinachoyumba. Kampuni yenye mikataba mifupi ina dhima ndogo, ingawa kesho italazimika kupanga tena. Pango linalolipwa kama asilimia ya mauzo halimo kwenye dhima kabisa. Mkataba ukikaribia kwisha dhima hupungua, ilhali duka bado linahitajika. Pango lililolipwa mwaka huu halina utata huo.

Hatua ya 4: Angalia tarehe ya picha

Mizania ni picha ya siku moja, na kampuni za nguo huichagua siku hiyo kwa busara. Nyingi hufunga hesabu mwishoni mwa Januari. Krismasi imepita, punguzo la bei la baada ya sikukuu limesafisha maghala, na fedha ziko benki. Rudi nyuma hadi Oktoba: bidhaa za msimu wa baridi zimejaa ghalani, wasambazaji wanadai, na mkopo wa muda mfupi umechukuliwa.

Kwa kampuni yetu, deni halisi tarehe 31 Januari lilikuwa milioni 150 tu. Zile 212 nilizotumia ni wastani wa robo nne za mwaka. Tofauti ya milioni 62 ni karibu senti 60 kwa kila hisa, na ni fedha ambazo hazikai. Kama kampuni inatoa taarifa mara mbili kwa mwaka, chukua wastani wa hizo mbili. Kisha tazama riba iliyolipwa mwaka mzima. Riba ikiwa kubwa kuliko deni lililoonyeshwa linavyostahili, ujue katikati ya mwaka deni lilikuwa juu.

Tarehe zina jambo la pili. H&M hufunga mwaka Novemba, Inditex Januari, na Fast Retailing ya Japani, mwenye Uniqlo, Agosti. Ukizilinganisha, jumlisha nusu mwaka au robo mwaka hadi uwe na miezi 12 inayokaribiana.

Hatua ya 5: Tafuta faida ya kawaida, usichukue ya mwaka mmoja

Mitindo hupanda na kushuka. Kigawanyo chako kikiwa cha mwaka mbaya, kizidisho kitatisha. Kikiwa cha mwaka bora, kitakubembeleza. Abercrombie & Fitch ni mfano wa wazi. Katika mwaka wa fedha wa 2022 iliuza kwa dola bilioni 3.7 na faida ya uendeshaji ikawa kama milioni 93 tu. Mwaka uliofuata mauzo yalifika bilioni 4.3, na faida ya uendeshaji ikaruka hadi milioni 485 hivi. Mauzo yaliongezeka kwa asilimia 16, faida ikawa zaidi ya mara tano. Biashara iliyokuwa na kizidisho cha 15 kwa faida ya mwaka wa kwanza ingekuwa chini ya 3 kwa faida ya mwaka wa pili, bei ikiwa ileile.

Mruko huo una sababu. Gharama nyingi za duka hazitembei na mauzo: pango, mishahara ya msingi, umeme. Zikishalipwa, kila nguo ya ziada inayouzwa kwa bei kamili huacha karibu faida yake yote ghafi. Gurudumu hilo huzunguka pia kinyumenyume.

Kwa hiyo kusanya miaka mitano hadi saba, tafuta wastani wa asilimia ya faida ya uendeshaji kwenye mauzo, kisha uizidishe kwa mauzo ya sasa. Mwaka 2020, maduka yalipofungwa kwa UVIKO-19, unaweza kuutoa, lakini usitoe kila mwaka mbaya kwa kisingizio. Kampuni zina mazoea ya kuita gharama za kufunga maduka “za mara moja tu”. Zikijirudia kila baada ya miaka miwili, ni gharama za kawaida, zirudishe.

Kabla ya kuuamini wastani huo, itazame shehena iliyopo ghalani. Bidhaa zikiongezeka kwa kasi kuliko mauzo kwa taarifa mbili mfululizo, punguzo la bei linakuja, na faida ghafi itaumia. Mapema mwaka 2018 H&M ilikuwa na nguo ambazo hazijauzwa zenye thamani ya takriban dola bilioni 4.3, na soko likaiadhibu kwa hilo. Namba hiyo haikujificha; ilikuwa kwenye mizania kwa kila aliyeisoma.

Kampuni yetu ya kubuni ilipata asilimia 8 mwaka jana, lakini wastani wake wa miaka saba ni 7. Faida yake ya kawaida ni milioni 70.

Hatua ya 6: Chagua wa kulinganisha nao

Kizidisho cha haki hupatikana kwa kuangalia kampuni zinazofanana. Kuuza nguo peke yake hakuzifanyi zifanane. Tenganisha kwanza wanaobuni na kuuza nguo zao, kama Inditex na H&M, na wanaonunua mabaki ya chapa za wengine na kuyauza kwa bei ya chini, kama TJX na Ross za Marekani. Mzunguko wa bidhaa na hatari zao ni tofauti.

Kisha uliza nani anamiliki majengo. Kampuni yenye maduka yake yenyewe hailipi pango, na EBITDA yake itaonekana nono. Faida ya uendeshaji hupunguza upotofu huo bila kuumaliza.

Halafu uliza nani anakopesha wateja. Next ya Uingereza na Truworths ya Afrika Kusini huuza sehemu ya nguo zao kwa mkopo. Deni linalofadhili mikopo hiyo lina mali upande wa pili: fedha ambazo wateja watalipa. Njia safi ni kutenga kitengo cha mikopo, kukithamini peke yake kwa mtaji wake, na kutoa riba za wateja kwenye faida ya maduka. Usipofanya hivyo utahesabu faida ya benki kwa kizidisho cha duka.

Mwisho, lipa zaidi pale penye sababu. Kampuni inayokua bila kufungua maduka mengi, yenye faida ghafi isiyoyumba na maghala mepesi, inastahili kizidisho kikubwa. Inayokua kwa kukopa na kupanga majengo mapya haistahili. Ukipata kampuni tano au sita, tumia ya katikati, wala si wastani, ili moja yenye namba za ajabu isivute jibu.

Hatua ya 7: Rudi kwenye hisa moja

Tuseme wenzake wa kampuni yetu wanauzwa kati ya mara 9 na 13 ya faida ya uendeshaji, wa katikati akiwa 11, wote wakiwa wamehesabiwa baada ya pango. Biashara ina thamani ya 70 × 11 = milioni 770. Toa deni halisi 212, toa fungu la wanahisa wa nje 20, unabaki na milioni 538. Gawa kwa hisa milioni 104: shilingi 5.17. Sokoni inauzwa 7.

Rudia kwa ncha mbili. Kwa mara 9, hisa ni shilingi 3.83. Kwa mara 13, ni 6.52. Hata kwa kizidisho cha juu kabisa, bei ya sokoni haifikiwi. Na kama ungetumia faida ya mwaka jana, milioni 80, kwa mara 11, ungepata 6.23, karibu zaidi na bei ya soko. Hapo unaona soko linaamini nini: kwamba mwaka mzuri uliopita utakuwa wa kila mwaka, na pengine utazidi. Huna haja ya kubishana na soko. Jiulize tu kama nawe unaamini hivyo, na kwa sababu gani.

Tazama pia deni linavyokuza mambo. Kutoka mara 9 hadi 13, thamani ya biashara ilipanda kwa asilimia 44, lakini thamani ya hisa ilipanda kwa asilimia 70. Kushuka ni hivyohivyo. Kadiri deni linavyokuwa kubwa, ndivyo kosa dogo kwenye kizidisho linavyokuwa kosa kubwa kwenye hisa. Kwa kampuni yenye deni zito, mpaka kati ya bei poa na kufilisika ni mwembamba, na hakuna kizidisho kitakachokuonyesha mpaka huo. Usome kwenye ratiba ya kulipa mikopo: kiasi gani kinaiva ndani ya miaka miwili, na fedha zipi zitakilipa.

Pale ambapo kizidisho hakitoshi

Nairobi ina somo lake. Deacons (East Africa) iliorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi Agosti 2016. Ilikuwa muuzaji wa nguo aliyejulikana, akiendesha maduka kwa leseni za chapa za nje, Mr Price ya Afrika Kusini ikiwemo. Mwaka 2018 chapa hiyo ilitoka mikononi mwake, na Novemba mwaka huohuo kampuni ikawekwa chini ya wasimamizi. Muda kati ya kuorodheshwa na kuanguka haukufika miaka mitatu.

Kizidisho huchukua faida ya mwaka mmoja na kuifanya kana kwamba itaendelea. Kabla ya kukizidisha chochote, thibitisha kwamba faida hiyo ni ya kampuni kweli. Soma mikataba ya leseni inaisha lini na nani ana haki ya kuivunja. Soma ni asilimia ngapi ya mauzo inatoka chapa moja, jengo moja, au msambazaji mmoja. Habari hizi hukaa kwenye maelezo ya nyuma ya taarifa ya mwaka, zile kurasa ambazo watu huzifunua haraka. Kwa muuzaji asiyemiliki jina analoliuza, ndizo kurasa za kwanza kusoma.

Karatasi moja kabla ya kumpigia dalali

Andika mambo haya kwa mkono wako mwenyewe:

1. Thamani ya biashara nzima, kwa deni la wastani wa mwaka na hisa zote zitakazokuwepo.
2. Pango lililolipwa kwa fedha mwaka huu, na uthibitisho kwamba limehesabiwa mara moja tu: ama kwenye gharama, ama kwenye deni.
3. Asilimia ya faida ya uendeshaji kwa miaka saba, na wastani wake.
4. Ukuaji wa shehena ghalani dhidi ya ukuaji wa mauzo.
5. Kizidisho cha katikati cha wenzake, waliosawazishwa kwa njia hiyohiyo.
6. Bei tatu za hisa: ya chini, ya katikati, ya juu.
7. Mikopo inayoiva na leseni zinazoisha ndani ya miaka miwili.

Bei ya soko ikiwa chini ya bei yako ya chini, na kipengele cha saba hakina jambo la kutisha, una sababu ya kununua. Ikiwa kati ya chini na katikati, nunua kidogo, au subiri taarifa ijayo. Ikiwa juu ya ya juu, iache hata kama foleni ya dukani inafika barabarani.

Hesabu hii irudie kila kampuni inapotoa matokeo ya nusu mwaka na ya mwaka. Kitu kimoja tu ndicho kinachopaswa kubadilisha thamani uliyoiandika: habari mpya kuhusu faida ya kawaida, deni au pango. Bei kupanda au kushuka kwa wiki moja si habari ya aina hiyo, na ukiiruhusu ibadilishe namba zako, utakuwa umerudi kununua kwa kufuata wengine, kazi ambayo haikuhitaji karatasi wala kalamu.